Sifuri Ni Moto

Kuna dirisha moja katika dibaga, ile programu ya kusakia makosa, ambalo mafundi wa mikrokontrola hulipenda kuliko chakula. Ndani yake zimepangwa rejista za kichakataji, kuanzia R0 hadi R12, kisha SP, LR na PC, na mwisho xPSR ambayo wengi huipita bila kuisalimia. Kila moja ina biti 32. Unaisimamisha programu, unaona kichakataji kilikuwa kinawaza nini wakati ule ule, na ukitaka unalifuta wazo lake na kuandika la kwako. Hakuna mwalimu, mzazi wala mganga aliyewahi kupewa mamlaka ya namna hiyo juu ya mtu. Ndiyo maana huwa tunalewa.

Mimi nilileweshwa Kibaha, kwa shangazi.

Shangazi anafuga kuku wa kienyeji, na alikuwa amechoshwa na mitetea wanaoatamia wiki moja kisha wanakumbuka wana shughuli nyingine. Akaomba mashine ya kutotolesha vifaranga, "ila isiwe ya bei za mjini." Tukapata sanduku la mbao, hita, feni ndogo, kipima joto cha DS18B20, rilei ya kuwasha na kuzima hita, na modemu ya GSM ya kumtumia ujumbe joto likizidi. Ubongo wa yote ukawa kile kibao cha buluu chenye chipu ya STM32F103 ambacho mafundi dunia nzima wanakiita Blue Pill. Ndani yake mna kichakataji cha Cortex-M3 kinachokwenda hadi megahezi 72. Ni nguvu nyingi mno kwa kazi ya kuwasha hita, lakini ndiyo bei ambayo shangazi hakuibishia.

Bei hiyo ina sababu zake. Nilipokiunganisha kibao na kompyuta kwa nyaya nne, OpenOCD, programu inayoiunganisha dibaga na chipu, ilikataa kuendelea. Ilitegemea kukuta kitambulisho 0x1ba01477, ikakuta 0x2ba01477. Tarakimu moja tu, ila maana yake nzito: mgongoni chipu imeandikwa STM32, tumboni ni ya kiwanda kingine kabisa. Nikamweleza shangazi kwamba tumeuziwa kitu chenye jina la kuazima.

"Kazi anaifanya?" akauliza.

"Anaifanya, shangazi."

"Basi mwache. Huku wako wengi tu."

Unabadilisha tarakimu moja katika faili la mipangilio, OpenOCD inanyamaza na maisha yanaendelea.

Furaha ya kwanza katika dirisha la rejista ni kuwasha kitu kwa mkono, bila programu. Kwenye Blue Pill kuna kitaa kidogo kilichofungwa kwenye pini PC13. Unakwenda GPIOC, anwani 0x40011000, unaandika thamani mpya katika CRH ili pini iwe ya kutoa, unabonyeza Enter. Rejista inarudi ilivyokuwa. Unaandika tena, sasa kwa kubonyeza kwa nguvu. Inarudi tena. Hapo ndipo mtu huanza kushuku nyaya, kompyuta, hata majirani. Kumbe chipu hii huamka ikiwa imezinyima saa karibu sehemu zake zote ili isile umeme bure, na sehemu isiyo na saa haipokei maandishi ya mtu. Sharti kwanza uende kwenye RCC, mgawaji wa saa, uiweke biti ya 4 ya APB2ENR iwe 1, ndipo GPIOC ikubali kusikiliza.

Ukishafanya hivyo kitaa kinawaka papo hapo, hata hujagusa ODR, rejista yenye thamani za pini. Imejaa sifuri, na kwenye kibao hiki sifuri ndiyo inayowasha. Rilei tuliyonunua nayo ilikuwa na tabia hiyo hiyo, kama zilivyo nyingi katika maduka ya vifaa: pini ikishuka, rilei inashika. Shangazi alikuwa amevuta kigoda nyuma yangu, akayaona hayo yote.

"Hiyo sifuri ndiyo ya hita?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa hiyo hita imezima."

"Hapana, imewaka."

Akanitazama, akakitazama kibao. "Nani aliyeamua hivyo?"

Nikaanza kumweleza habari za transista na mkondo wa umeme unaovutwa kwenda chini. Akainuka kwenda kulisha kuku.

Nafasi yake ikachukuliwa na mwanawe, kijana wa kidato cha tatu mwenye mkono mwepesi. Kichakataji kilikuwa kimesimama mwanzoni kabisa mwa programu, na kwenye xPSR palisomeka 0x01000000. Kijana akaiona ile moja iko peke yake katikati ya sifuri, akaihurumia, akaifuta ili mambo yawe nadhifu. Sasa ile moja si takataka. Ni biti ya 24, biti ya T, inayokiambia kichakataji kwamba maagizo yanayokuja ni ya Thumb, na Cortex-M3 haijui maagizo mengine. Programu iliporuhusiwa kuendelea ilianguka kwenye HardFault palepale, bila kutekeleza hata agizo moja. Kijana aliapa kwamba hajagusa kitu. Kwa mtazamo wake alikuwa anasema kweli, maana nyumbani kufuta vumbi hakuhesabiwi kuwa kugusa.

Modemu ikaleta yake, na hii nadhani ndiyo hila kubwa kuliko zote katika dirisha lile. Unaipelekea modemu agizo la AT, inatakiwa ijibu OK. Programu ikiachwa iende yenyewe, OK inakuja. Ikisimamishwa ili tuone OK inavyoingia, haiji. Programu inakaa inaisubiri herufi, na herufi haipo. Sababu ni kwamba nilikuwa nimefungua pembeni ya skrini orodha ya rejista za USART, sehemu ya chipu inayoongea na modemu, na kila programu inaposimama dibaga huzisoma zote upya ili inionyeshe. Mojawapo ni DR, inayopokea herufi. Kwa chipu hii, kuisoma DR ni kuipokea herufi: bendera ya RXNE inashuka palepale, na chipu haijali kama aliyesoma ni programu au ni dibaga. Dibaga ilikuwa kama mtoto aliyetumwa sukari dukani, anakuletea mfuko na midomo yake inang'aa. Skrini ilinionyesha O safi kabisa, na programu iliyoihitaji haikuipata. Nilipoifunga ile orodha, modemu ikapona. Tangu hapo simwamini mtu anayesema "naangalia tu."

Sasa tufike kwenye mayai.

Tulitaka kujua kama hita itawaka joto likishuka. Njia ya kawaida ni kusubiri usiku wa baridi, na Kibaha usiku wa baridi haupatikani kwa kuagiza. Njia ya fundi ni kukidanganya kichakataji. Ningependa kuibadilisha thamani ya joto kwa jina lake, lakini kompaila ilikuwa imeshaiboresha programu, na ukiiuliza dibaga habari za joto inakujibu kwamba limeboreshwa hadi limetoweka. Inabaki rejista. Kwa utaratibu wa ARM, funksheni ikimaliza kazi huliacha jibu lake kwenye R0. Kwa hiyo unaiacha funksheni ya kusoma joto imalize, unasimama pale inaporudi, na unakuta R0 ina 0x258. Hiyo ni 600, na DS18B20 huhesabu nyuzi kwa sehemu za kumi na sita, kwa hiyo 600 ni nyuzi 37.5, joto analolitaka kifaranga. Unaandika:

set $r0 = 0x140

Yaani 320, nyuzi 20. Kichakataji kinaamini Kibaha imekuwa Lushoto. Unakiruhusu kiende hatua chache hadi baada ya amri ya rilei, unakisimamisha tena. Rilei ikalia ta! Hita ikawaka. Jaribio limefaulu, na mayai ya asubuhi ile yalikuwa yamo ndani kwa sababu shangazi haamini majaribio yasiyo na mayai.

Wakati huo huo sauti ikatoka uani: "Baba, njoo ule, chakula kinapoa."

Wapo watu wanaoweza kumwambia shangazi wa Kibaha asubiri kwa kuwa kichakataji kimesimama kwenye kituo. Mimi sijakutana nao.

Ulikuwa ugali, mlenda na samaki wa kukaanga, na mazungumzo marefu kuhusu ndugu fulani aliyeuza shamba bila kumwambia mtu. Shangazi aliiweka simu yake kando ya sahani, akisubiri kuona kama mashine italeta ujumbe wowote.

"Haijaleta kitu," akasema.

"Maana yake joto liko sawa."

Kwa kweli maana yake ilikuwa nyingine. Anayetuma ujumbe ni kichakataji, na kichakataji kimesimama. Lakini kukisimamisha kichakataji hakusimamishi kitu kingine chochote: pini zinabaki zilivyo, rilei inabaki imeshika, hita inaendelea kuwaka. Dunia yote ya sanduku lile ilikuwa inatembea isipokuwa yule mmoja mwenye akili.

Msomaji aliyewahi kushika kazi hizi atauliza: wochidogi ilikuwa wapi? Ni swali zuri. Chipu ina kihesabu cha ulinzi, IWDG, chenye saa yake ya pembeni ya kilohezi 40. Programu isipokigusa kwa muda uliopangwa, na muda mrefu kabisa ni kama sekunde 26, kinaiwasha chipu upya. Chipu ikiwashwa upya pini zinarudi kuwa za kupokea, rilei inaachia, hita inazima. Nilikuwa nimekiwasha. Ila OpenOCD, inapojiunganisha na chipu za familia hii, huandika 0x307 kwenye rejista ya DBGMCU_CR, anwani 0xE0042004, na mojawapo ya biti hizo ni ya 8: inamwambia mlinzi alale kila kichakataji kinaposimama. Ni upole tu. Bila hiyo, kila ukisimama kuwaza kidogo chipu ingejiwasha upya na kukupotezea kazi. OpenOCD ilianza mwaka 2005 kama kazi ya shahada ya Dominic Rath huko Augsburg, Ujerumani, na naamini huko watu huchomoa hita kabla ya kwenda kula.

Aliyegundua ni pua ya shangazi. Mbao ilikuwa imeanza kunukia. Akainuka na kanga yake, akafungua sanduku, akachungulia kile kipima joto chake cha kioo ambacho tangu mwanzo alikataa kukiondoa, "maana hicho hakihitaji kompyuta." Kilisema 46. Kwenye skrini yangu R0 ilikuwa bado inasoma 0x140, nyuzi 20, kwa utulivu wote wa mtu asiyedaiwa.

Nikampa maelezo huku anayatoa mayai moja moja.

"Kwa hiyo chenyewe kilikuwa kimesimama?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na huyo mlinzi?"

"Alilazwa."

"Na nani?"

"Na dibaga."

"Na wewe ukasema joto liko sawa."

Kwa kuwa mayai yalikuwa ya asubuhi ile ile, aliamua kwamba hayo ni ya chai. Yalikaangwa na vitunguu, na nililazimika kuyasifu.

Siku hizi mashine inafanya kazi, na inatotolesha vizuri. Ilikuwa imebaki na kituko kimoja: umeme ukikatika na kurudi, DS18B20 huamka ikidai joto ni nyuzi 85, kwa kuwa hiyo ndiyo thamani iliyowekwa ndani yake kiwandani hadi ipime mara ya kwanza. Programu isiyolijua hilo humtumia shangazi ujumbe wa kutisha usiku wa manane. Hili nililimaliza kwa mistari miwili ya programu, bila kugusa rejista yoyote, na ndiyo kazi pekee katika mradi mzima aliyoisifu.

Wewe mwenzangu unayetaka kuandika kwenye rejista za mashine yenye hita, mota au pampu: chomoa kwanza ule waya mzito, weka kitaa mahali pake, funga orodha ya USART, kisha badilisha R0 upendavyo. Na ukiitwa kula, kabla hujanawa mikono, andika continue.