Fadhila za Kufungwa Miguu
Si haki kumlaumu mwendesha baiskeli anayeanza ambaye, akishatambua kwamba pedali bapa humruhusu kushusha mguu wakati wowote autakao, huamua kuzing'oa na kununua pedali za kunasa, yaani zile ambazo kipande cha plastiki kilichokazwa kwa skrubu tatu chini ya soli ya kiatu huzing'ang'ania mpaka kisigino kizungushwe kwa nje. Ufundi huo, ambao kampuni ya Look ya Ufaransa iliutoa mwaka 1984 kutokana na vifungo vya viatu vya kutelezea thelujini, ulimfaa Bernard Hinault kushinda Tour de France mwaka 1985, basi hakuna sababu usimfae karani aendaye kununua mkate. Mchukuzi wa mkaa, apandaye mlima na magunia yake akiwa amevaa kandambili, bila shaka anapoteza nguvu nyingi kwa kutojua. Ama kuhusu kule kuanguka penye taa nyekundu, ambapo mwanagenzi hulala ubavu polepole mbele ya abiria wa daladala, miguu yote miwili ikiwa bado imenaswa sawasawa, wajuzi hukuhesabu kuwa sehemu ya mafunzo, tena isiyotozwa ada.