Katika Kuzisifu Volti 24

Wahenga wa pwani waliusifu mnazi tangu mizizi hata kilele, wakalisifu jahazi na tanga lake, na hata punda hakukosa wa kumtaja kwa wema. Lakini sijapata kumwona mtu aliyeinua kalamu kuusifu umeme wa gari kuukuu la jeshi, umeme ambao mwenye gari, tochi ikiwa mdomoni na vidole vimemchubuka, huutaja kwa maneno yasiyoandikika. Dhulma hii nakusudia kuiondoa leo, na shahidi wangu ni Land Rover ndogo ya jeshi la Uingereza, ile iliyoanza utumishi mwaka 1968, iliyoundwa makusudi ivuliwe milango, turubai na baadhi ya mabati yake ili helikopta iweze kuining'iniza na kwenda nayo. Ilikuwa ya aina mbili: moja ya volti 12, kama magari ya watu wote, nayo siishughulikii, na nyingine iliyotayarishwa kubeba redio za vita, yenye volti 24, na hiyo ndiyo msifiwa wangu.

Fadhila yake ya kwanza ni uaminifu kwa bwana mmoja. Magari mengine hutengenezwa, kisha redio ikatafutiwa pa kukaa. Hapa redio ndiyo sultani, na gari ni miguu yake tu. Betri mbili za volti 12 zimefungwa kwa mfuatano ili zitoe 24, na betri nyingine mbili zikatengwa kwa ajili ya redio peke yake. Alteneta iliyowekwa kuzijaza inaweza kutoa ampea 90. Na dereva amepewa kishikio cha mkono cha kuongeza mafuta, injini izunguke kwa kasi gari likiwa limesimama kilimani huku askari akizungumza. Plagi, nyaya zake na distribyuta vimevikwa chuma, cheche isije ikatia mkwaruzo katika masikio ya msikilizaji. Ama kwa nini volti 24 na si 12, sababu ni ya hesabu nyepesi: mzigo ule ule wa wati hutaka nusu tu ya ampea pindi volti ziwapo maradufu, basi waya mwembamba ukaifanya kazi ya waya mnene. Taa ya wati 48, ambayo katika gari la raia hula ampea 4, katika gari hili hutosheka na 2. Ni nani katika wakubwa wetu aliyepandishwa cheo mara mbili, akapunguza ulaji wake kwa nusu?

Tena lina haya. Miongoni mwa taa zake iko moja ndogo, iliyofichwa chini upande wa nyuma, isiyomulika njia wala kumwangaza mtu usoni, bali hulimulika tumbo la difu ya nyuma lililopakwa rangi nyeupe, ili dereva wa gari linalofuata msafarani usiku alione doa hilo jeupe, na ndege ya adui isione kitu.

Jeshi lilipoyachoka magari haya, likayauza, na raia wakayanunua kwa furaha, kila mmoja akiwa na orodha yake ya anasa mfukoni: redio ya muziki, feni, kiwashio cha sigara, taa za ziada, chaja ya simu. Ndipo walipoonana na tabia yake. Balbu ya volti 12, ikiungwa humo bila kuulizwa, hung'aa kwa nuru ambayo haikupata kuiota tangu ilipotoka kiwandani, kisha hufa papo hapo, na redio ya dukani hutoa moshi mwembamba ikanyamaza. Wapo watakaosema huu ni ukatili. Mimi nasema ni ukweli wa ulimi: gari halikumficha mtu kitu, na volti zake zingaliweza kupimwa kwa kipimo cha bei ndogo.

Lakini uadilifu wake haswa humdhihirikia yule mjanja anayejiona amegundua njia ya mkato. Huyu husema: betri ni mbili, kila moja ina volti 12, mimi nitaunga redio yangu katika hii moja tu, na gari halitatanabahi. Mfano wake ni mume wa wake wawili anayekula kila siku kwa mke mdogo, kisha akapeleka posho sawasawa katika nyumba zote mbili: huku chungu ki kitupu, kule chakula kinaoza. Maana alteneta haizijui betri moja moja. Huiona jumla yao tu, na umeme unaoingia katika ya kwanza ndio huo huo unaopita katika ya pili. Jumla inayotafutwa wakati wa kujaza ni volti 28 hivi, basi ile iliyonyonywa ikiwa imekwama kwenye 13, mwenzake husukumwa hadi 15, ikachemka, maji yake yakakauka hata sahani zikabaki wazi, ilhali ile yenye njaa inagandwa na salfeti polepole. Mwenye gari hutoka akanunua betri moja mpya kwa kubana matumizi, akaifunga pamoja na kongwe, na hukumu ikaanza upya.

Wengine hujaribu kuzipunguza volti kwa rezista. Hiyo hufaa kwa kitu kisichobadili ulaji wake, mathalan balbu. Redio, ambayo hula zaidi kila sauti inapopandishwa, haiwezi kutulizwa hivyo, na kadiri ya umeme unaofika kwenye chombo ndiyo kadiri inayogeuka joto njiani. Katika gari la turubai, wakati wa baridi ya Uingereza, sitalaumu joto lolote. Ama wale wanaong'oa kila kitu, alteneta, stata, koili, mota ya waipa na balbu zote, wapate kulisilimisha gari liwe la volti 12, hao wametumia fedha nyingi kununua gari ambalo jeshi lenyewe lilikuwa nalo tayari, ile aina ya kwanza.

Njia ya halali ipo, nayo haina ushujaa wowote: kisanduku cha kushusha umeme kutoka 24 hadi 12, kiungwe kwenye betri zote mbili kwa pamoja, fyuzi yake ikae karibu na betri, na ukubwa wake uzidi mahitaji; ampea 10 upande wa redio zitataka 5 na ushei upande wa gari. Simu ndiyo yenye bahati, kwani chaja nyingi za siku hizi zimeandikwa 12 hadi 24, ingawa iliyo bora ni ile inayoistahamili hata 28. Baada ya hayo yote redio itaimba, na itaimba safi kuliko katika gari lolote la thamani, kwa kuwa cheche zote zimekwisha kuzibwa midomo kwa chuma. Ila tu gari likishafika maili 40 kwa saa, kwa mlio wa giaboksi na turubai linalopigwa na upepo, hakuna mwanadamu aliyemo ndani atakayeisikia.