Linki ya Shangazi

Katika ukoo wetu habari haipimwi kwa ukweli wake, hupimwa kwa aliyeileta. Ikiletwa na kijana wa bodaboda, ni porojo. Ikiletwa na mwalimu mkuu mstaafu, ni ya kufikiriwa. Ikiletwa na shangazi yangu wa Keringet, huku kwetu Kuresoi, mjadala umefungwa, watu waanze kutafuta vitambulisho.

Wala hatumwamini bure. Shangazi ni mweka hazina wa chama cha akina mama, na wa kanisa pia, na hajawahi kupoteza hata shilingi ya mtu. Sadaka huihesabu mara tatu, mara ya tatu akiwa amesimama, kwa sababu anasema pesa humdanganya mtu aliyeketi. Akinunua viazi kwa jirani humwaga gunia lote chini kwanza, aone kama vile vikubwa vimepangwa juu na vile vya kulishia ng'ombe vimefichwa chini. Mwanamke huyo huyo, ukimpa simu yenye bando, hubonyeza chochote kinachong'aa.

Ndiye aliyetuletea, kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, usiku mmoja wa mwezi wa Machi watu wakisubiri mvua wapande, tangazo hili: SERIKALI INATOA MBOLEA BURE, magunia matano kwa kila mkulima, nafasi ni chache, jaza kabla ya saa sita usiku. Chini yake linki ya buluu. Juu yake mishale miwili, na maneno ya WhatsApp wenyewe kwamba ujumbe huu umesambazwa mara nyingi.

Mishale hiyo iliwekwa mwaka 2019 ili mtu ashtuke kidogo, ajue kwamba aliyemtumia si mwenye maneno. Shangazi huisoma kivyake: umesambazwa mara nyingi, yaani wengi wameukagua wakaupitisha. Mwaka 2020 WhatsApp wakaongeza breki, ujumbe wa namna hiyo usiweze kutumwa ila kwa mtu mmoja au kikundi kimoja kwa wakati. Wahandisi wa California walidhani binadamu atachoka. Hawakujua kwamba jioni za Keringet ni ndefu na baridi, na kwamba shangazi akishateleka birika la chai anaweza kutuma mmoja mmoja mpaka ukoo uishe aanze kwaya.

Mimi ndiye mkaguzi wa linki wa ukoo. Sikuomba kazi hiyo wala haina mshahara. Nilisomea kompyuta Nakuru, nikarudi na cheti, na tangu hapo simu iliyopasuka kioo, nambari ya siri iliyosahaulika na mume asiyejibu meseji vyote vinaletwa kwangu kama fani moja. Kulipopambazuka, kikundi kilikuwa na "Amina" nyingi na "Nimejaza" kadhaa. Nikachukua simu ya zamani isiyo na laini wala pesa, nikafungua ukurasa wenyewe.

Swali la kwanza: Je, wewe ni mkulima? Ndiyo au La. Nikabonyeza La. Duara likazunguka, ukurasa ukafikiri kwa makini, ukanijibu: Hongera, mkulima! Chini yake kulikuwa na maoni ya watu walioneemeka, kila mmoja na picha yake. Bwana mmoja alijitambulisha kuwa mkulima wa Kuresoi, Mombasa, na magunia yake ameshayapokea. Nilitaka kumuuliza bahari imefika huku Kuresoi lini, lakini maoni hayakukubali kujibiwa. Yote yalikuwa picha moja tu iliyobandikwa pale, pamoja na saa na alama za kupenda. Kisha ukurasa ukanitaka niupeleke kwenye vikundi vingine mpaka mstari mmoja ugeuke kijani. Hapo ndipo nilipomwelewa shangazi. Hakuwa akieneza uvumi. Alikuwa akijaza mstari. Baada ya kijani ndipo likaja ombi la nambari ya kitambulisho, na "ada ndogo ya usafiri".

Niliitisha somo sebuleni kwa shangazi, chai ikiwepo. Nikawaambia: linki ni kama majina ya watoto wetu. Huku kwetu kuna kina Obama, kina Reagan, kina Clinton, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala Washington. Jina la mbele mzazi hujichagulia. Linalokuambia kijana ametoka boma gani ni jina la baba, nalo liko mwisho. Sasa tazameni. Wizara ya Kilimo iko kilimo.go.ke, na huo mwisho wa .go.ke hauuzwi kwa mtu binafsi, ni wa serikali peke yake. Ya shangazi ilianza vizuri, kilimo, nukta, go, nukta, ke, halafu badala ya kuishia hapo ikaendelea na zawadi-bure na mwisho mwingine usiojulikana hapa nchini. Tafuta mkwaju wa kwanza ulioinama baada ya jina, kisha usome kinachoutangulia kurudi nyuma. Huyo ndiye baba. Yote yaliyo mbele yake ni ubatizo. Na zile linki zilizofupishwa, herufi nne tano basi, hizo hazijataja baba kabisa.

"Lakini ilikuwa na kufuli," shangazi akasema.

Hili la kufuli ndilo linalonichosha kuliko yote, maana kwa miaka watu walifundishwa kuitafuta. Kufuli inakuambia tu kwamba maneno yako na mwenye ukurasa hayasikizwi njiani. Haikuambii mwenye ukurasa ni nani, na siku hizi hata tapeli huipata bila kulipa. Unaweza kuibiwa kwa faragha kamili.

Kila mtu alielewa, na mjomba wangu wa Kiptororo alielewa kupita kiasi. Aliporudi nyumbani alifuta jumbe zote za watu asiowajua kwa sura, akaifungia benki yake, akamfungia afisa wa mifugo. Dalali wa viazi aliyekuwa akinunua kwake miaka yote alipompigia akaambiwa ataje kwanza msimu uliopita alichukua magunia mangapi na alibaki na deni gani. Dalali akataja magunia. Deni akawa hakumbuki. Mpaka leo mjomba anauhesabu huo kuwa ushindi mkubwa dhidi ya uhalifu wa mitandao.

Tatizo ni kwamba mbolea ya ruzuku ipo kweli. Si ya bure. Mwaka 2023 gunia la kilo 50 lilishushwa hadi shilingi 2,500. Unajiandikisha kupitia kwa chifu, kisha unaletewa ujumbe kwa simu, unaupeleka ghalani, unapewa. Ujumbe wa mjomba ulikuja. Ulikuja mkavu, bila hongera, bila zawadi, bila kumpa muda mpaka saa sita usiku, na kwa kuwa hakumjua aliyeutuma, akaufuta. Jirani yake alipopita na mkokoteni, magunia juu, mjomba alimtazama kwa huruma. "Huyu naye ameingizwa," akamwambia mkewe.

Halafu ikaja Machi na Aprili 2024, na kisa kikampa mjomba kiburi ambacho hakijatoka. Baadhi ya magunia ya mbolea ya ruzuku, yaliyouzwa kwenye maghala ya serikali yenyewe, yakagunduliwa kuwa feki. Habari ikafika Bungeni, ikamtikisa waziri, wakulima walioathirika wakaahidiwa fidia ya mbolea nyingine. Yaani ujumbe ulikuwa wa kweli, ghala la kweli, risiti ya kweli, na ndani ya gunia uongo. Sikuwa na somo la hilo. Nilikunywa chai yangu nikanyamaza, naye mjomba akanikumbusha kisa hicho kila alipopata nafasi, hata matangani.

Upande wa pili kuna mambo yanayonuka uongo na ni ya kweli. Agosti 2016 mtu angeniletea habari hii kwenye simu, ningeitupa bila kuimaliza: msichana wa huku Kuresoi ameshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 kule Rio, baba yake amemwomba Rais awaletee umeme kijijini ili amtazame binti yake kwenye runinga, na siku chache baadaye umeme umewaka. Ina kila dalili ya porojo: Rais, bahati ya ghafla, na mwisho mtamu. Bado tu waseme bonyeza hapa. Lakini msichana ni Faith Kipyegon, kijiji ni Ndabibit karibu na Keringet, na nguzo zimesimama pale. Habari hiyo ilitangazwa na vituo vya Kenya na vya ng'ambo visivyoazimana maneno, na mwenye shaka angepanda bodaboda akatazame waya mwenyewe. Shangazi, kwa taarifa yenu, aliikataa. Ililetwa na kijana wa bodaboda.

Ningependa ukoo wetu uwe wa kuchekesha tu, lakini wenyeji wa Kuresoi wa umri wangu hatuwezi kuzungumzia jumbe za kusambazwa bila kukumbuka ghasia za baada ya uchaguzi, miezi ya mwanzo ya 2008. WhatsApp haikuwepo, ilikuwa SMS, ya kulipia. Zilizunguka jumbe za chuki na za hofu, fulani wanakuja usiku, fulani wameonekana msituni, na kila moja ilitoka kwa mtu tunayemjua, naye aliipata kwa mtu anayemjua. Wa kwanza hakuonekana. Nyumba ziliungua. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa. Wazee waliokuwepo, ukiwaletea ujumbe leo, swali lao ni moja: huyo aliyekutumia, yeye alitumiwa na nani? Hawajui nukta wala mkwaju, na sijaona mkaguzi anayewashinda.

Baba yangu ni wa kundi hilo, ila yeye huwahoji matapeli kwa utani. Siku moja alipigiwa na kijana aliyejiita wa huduma kwa wateja wa kampuni ya simu ya Safaricom, kwamba kuna pesa zimeingia kwake kimakosa. Safaricom hurudia kila siku kwamba wao hupiga kwa nambari moja tu, 0722 000 000, na baba anaijua kwa moyo, lakini alikuwa ameketi kwenye jua akipura maharagwe na hakuwa na mtu wa kuongea naye. Akamuuliza kijana kwao ni wapi. Akamuuliza huko mvua imenyesha. Akamuuliza viazi vinauzwaje, kijana akajisahau akataja bei, bei nzuri kuliko ya kwetu. Baba akamwambia basi ninavyo magunia kumi, nitumie kwanza pesa ya kushikia. Laini ikakatika. Baba alikasirika kwa dhati, akasema vijana wa siku hizi hawajui biashara. Nilimtaka aitume nambari ya kijana kwa 333, ambako hakulipishwi kuripoti matapeli. Akakataa. Alitaka kubaki na nambari, huenda bei ikapanda.

Shangazi ndiye mwanafunzi wangu mgumu, na nimeacha kumlaumu. Nilijaribu kumwelekeza kwa watu wanaofanya kazi hii kwa mshahara. Kuna PesaCheck, kuna Africa Check wenye ofisi Nairobi. Huchukua tangazo kama lile la mbolea, wakawauliza wenye wizara, wakatazama ukurasa uliandikishwa lini, maana "serikali" yenye umri wa wiki mbili ni ya kutiliwa shaka, kisha wakaandika walichokipata na walivyokipata. Nikamtumia linki ya mojawapo ya taarifa zao. Alama mbili za buluu zikatokea. Kimya. Baadaye akaniandikia: "Aliyeandika hii namjua? Na mbona unataka nibonyeze?"

Nilikasirika kwa muda wa chai moja, kisha nikaona kwamba hilo ni swali ambalo nimekuwa nikimwomba aulize tangu siku ile ya linki ya mbolea. Amelianzia kwangu tu.

Juzi nilimtumia mjomba pesa za dawa ya kunyunyizia viazi. Ujumbe wa M-Pesa ukamfikia. Hakuuamini. Akatazama salio, hakuliamini salio. Akapanda bodaboda hadi kwa wakala, akazitoa, akazihesabu, na bado hakuridhika. Huenda ni za mtu mwingine, huenda ni mtego. Akanipigia. Sauti yangu hakuitambua, au alisema haitambui.

"Kama ni wewe kweli," akaniambia, "taja ng'ombe aliyekukanyaga ukiwa mdogo."

"Sarafina."

Akanyamaza. Nilisikia akishauriana na wakala.

"Mguu gani?"