Shangazi Kifungu na barua za wanaokwenda kusomea sheria

Shangazi Kifungu hana shahada ya sheria. Alikuwa karani wa masjala katika mahakama ya wilaya hadi alipostaafu, na majalada aliyoyabeba ni mengi kuliko ambayo mawakili wengi wameyafungua. Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa vyuo yakishatoka, barua humjia kwa mafungu. Huzisoma barazani, miwani imemshuka puani, chai ya tangawizi pembeni, na huzijibu bila kumwonea mtu haya.

Ya kwanza msimu huu ni ya kijana wa Kimara aliyetia sahihi ya "Wakili Msomi Mtarajiwa". Ameshashona suti mbili, nyeusi na ya kijivu, amenunua mkoba wa ngozi, na sasa anauliza tai iwe nyekundu au ya buluu. Shangazi amemtaka kwanza apande daladala ya kwenda Mlimani saa moja asubuhi, mwezi Februari, akiwa ndani ya koti hilo, kisha amwandikie tena. Halafu amempa hesabu. Shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miaka minne, na baada yake ipo Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Kufikia siku hiyo suti zitakuwa zimembana kiunoni. Auze moja, fedha aende nazo stesheneri akatoe nakala za vitu vitatu: Katiba ya 1977, Kanuni ya Adhabu Sura ya 16 na Sheria ya Mikataba Sura ya 345. Tai hakumjibu.

Binti wa Morogoro yeye amekariri Kilatini. Nyama ya kuku ilipopotea jikoni, alimweleza mama yake kwamba kaka mtu anayo actus reus, yaani kitendo, ila mens rea, yaani nia ovu, haijathibitishwa. Mama akawanyima wote wawili. Shangazi amecheka hadi chai ikamwagika, lakini ameandika kuwa maneno hayo hufundishwa ndani ya wiki moja na hayamfaulishi mtu. Kinachomwangusha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni kutojua kesi ina uzito gani, na wapi.

Mfano aliompa ni wa konokono. Mwaka 1928, mjini Paisley huko Scotland, Bi Donoghue alikunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi ndani. Ilipomiminwa mara ya pili, alisema, akatoka konokono aliyeoza. Mwaka 1932 majaji wa Baraza la Mabwana huko London, watatu dhidi ya wawili, walikubali kuwa mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji hata kama hakumuuzia yeye. Kila mwanafunzi wa sheria anamjua konokono huyo. Wachache wanajua kwamba hakuwahi kuthibitishwa kuwapo, maana shauri liliishia kwa mapatano kabla ya ushahidi kusikilizwa. Na wachache zaidi huangalia kalenda: Tanzania Bara ilipokea sheria za kimahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu ya konokono ilichelewa miaka kumi na miwili. Hapa hushawishi, haimfungi jaji.

Barua iliyomkera Shangazi ni ya kijana wa Mwanza. Huyu amenunua desa la mwaka wa pili, kurasa arobaini, kila kesi mistari miwili, na anauliza kama litamtosha hadi mtihani. Shangazi amechagua kesi moja humo, Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory ya 1990. Desa linasema: mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo. Basi.

Jalada linasema mengi zaidi. Holaria, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, wilayani Muleba, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akakimbilia Mahakama ya Mwanzo, akashinda, maana tangazo la serikali la 1963 lililoandika mila za urithi lilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo lakini si kuliuza. Mahakama ya Wilaya ikageuza uamuzi kwa kutumia haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mpwa akapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na huko Jaji Mwalusanya akaitupa rufaa yake. Ngazi tatu za mahakama, mila iliyoandikwa na serikali, Katiba, yote ndani ya shamba moja. Mwenye mistari miwili ataulizwa kwenye semina kwa nini Mahakama ya Mwanzo iliamua vile, naye atatazama dari. Hukumu nzima inasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII, hata kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Binti wa Pemba anaogopa Kiingereza. Amesikia kuwa mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni kweli, ila lekcha na hukumu nyingi za zamani bado ni za Kiingereza. Shangazi amemshauri kila kesi aiandike kwanza kwa Kiswahili cha jikoni: nani kamfanyia nani nini, lini, na anataka alipwe nini. Kiingereza kifuate. Kwa maoni yake, wengi wanaosingizia lugha hawajui tu nani kamshtaki nani.

Mzee wa Tanga anauliza kama ni kweli "sheria inafelisha", kwani anataka kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada. Huenda anakumbuka matokeo yaliyozua mjadala mwaka 2022: kati ya wanafunzi 633, ni 26 tu waliofaulu bila kurudia mtihani. Hiyo ilikuwa Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambako mtu huenda akiwa na shahada tayari. Mwaka wa kwanza wa chuo ni jambo jingine, ingawa sapu, yaani mitihani ya marudio, zipo na kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kupo. Shangazi ameshauri auze ng'ombe mmoja, wa pili amsubirishe mpaka bumu la mtoto, yaani mkopo wa masomo, lijulikane.

Wanaotaka kujibiwa mwezi ujao waambatanishe muhtasari wa kesi moja waliyoisoma wenyewe, ukurasa mmoja, majina ya pande mbili na mwaka juu. Barua isiyo na kiambatisho itarudishwa masjala.