Vyombo vya Mama Mkwe na Grinda ya Baba Watoto

Panya ndio walioanza. Gurudumu la kitambaa la kupigia polishi lilikuwa limetundikwa msumarini kwenye kibanda cha uani, na panya wa Ngamiani hawana adabu. Walilila kuanzia ukingoni hadi kwenye mshono wa katikati, pamba iliyobaki wakawatandikia watoto wao. Nilishangaa panya anashiba nini kwenye vitambaa vikavu, baba watoto akanieleza kwamba ile dawa ya polishi inayouzwa kwa miche hugandishwa kwa mafuta ya mnyama. Gurudumu likishatumika muda mrefu huwa limeyanywa mafuta hayo mpaka ndani.

Ingekuwa mwezi mwingine tungecheka yakaisha. Lakini wifi yangu mdogo alikuwa anaolewa, na mama mkwe alikwishateremsha vyombo vyake vya shaba kutoka juu ya kabati: masinia, dele la kahawa, mrashi, chetezo, na kinu kidogo cha kutwangia iliki. Vyote vimepiga weusi, kwenye mikunjo vimeota ukijani. Tanga hapa bahari iko mlangoni, na chumvi ya hewani haiachi shaba ikapumzika. Zamani mama alikuwa akivisugua mwenyewe kwa ukwaju na chumvi, akamalizia kwa majivu yaliyochekechwa. Siku hizi vidole vyake vinamuuma. Basi kila aliyepita kuuliza habari za harusi alijibiwa, "Vyombo havinipi taabu mwaka huu, mwanangu ana mashine."

Mashine yenyewe ni grinda ya mezani, ile yenye mota katikati na shafti inayotokeza pande mbili. Kulia kuna jiwe la kunolea visu na mapanga, kushoto ndiko kulikokuwa na marehemu gurudumu. Baba watoto alikuwa zamu wiki ile, anatoka alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo kazi ya kutafuta gurudumu jipya ikamwangukia shemeji, mdogo wake. Shemeji ni mtu mwema sana. Kasoro yake ni moja: kuuliza kwake ni aibu.

Akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na brashi ya waya wa chuma, duara, inang'aa. Muuzaji alimwambia, "Hii bosi inang'arisha kila kitu." Kabla ya kuifunga ilibidi nati ya kushoto ifunguliwe, na hapo ndipo uani kulipoanza kuchangamka. Shemeji alizungusha spana kama anavyofungua nati zote za dunia. Haikutoka. Akaongeza nguvu. Akachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili apate urefu, akaegemea kwa uzito wake wote, meza ikanyanyuka miguu miwili na chupa ya mafuta ya taa ikabingirika hadi kwenye banda la kuku. Mama mkwe akawa anamsomea dua. Jirani yetu, fundi baiskeli, alikuwa ameegemea ukuta wake muda wote huo akitafuna mswaki. Alipoona bomba la pili linaletwa ndipo akasema, "Bwana mdogo, unaikaza hiyo."

Mtu wa Tanga akikosa kujua jambo hili ana lawama, maana mji huu umejaa baiskeli. Pedeli ya kushoto ya baiskeli uzi wake umekatwa kinyume, na nati ya kushoto ya grinda vilevile: hufunguka ukiizungusha kufuata mshale wa saa. Imefanywa makusudi. Uzi ungekuwa wa kawaida upande ule, kila mota inapowaka ingekuwa inailegeza nati, na siku moja gurudumu lingejiondokea. Fundi aliruka ukuta, akashika jiwe la kulia kwa kitambaa ili shafti isizunguke, akaigeuza spana, nati ikalia "kwa!" ikaachia. Shemeji akasema yeye ndiye aliyekuwa ameilainisha.

Brashi ya waya ikafungwa, sinia kubwa likasogezwa. Chuma ni kigumu kuliko shaba, na waya wa chuma unaozunguka haung'arishi shaba bali unaichora. Brashi hiyo ina kazi yake: kutoa kutu kwenye jembe, kutoa rangi kuukuu kwenye bawaba. Kwenye sinia la mama ilichora michirizi kama shamba lililopitishwa haro, upana wa viganja viwili, kabla fundi hajaufikia mlango na kuzima umeme. Mama mkwe hakupiga kelele. Alilichukua sinia, akaligeuza juani upande huu na upande ule, akaniita mimi. "Mama watoto, hebu njoo uone alichokifanya shemeji yako." Ghafla akawa shemeji yangu, si mwanawe tena.

Baba watoto aliporudi usiku alikaa mkekani akatoa somo, na kwa kweli ndilo lingepaswa kutolewa asubuhi. Ukinunua gurudumu, duka litakuuliza ukubwa wa nje. Huo ni muhimu, lakini unakuja wa pili. La kwanza ni tundu la katikati, maana ndilo litakalokaa kwenye shafti. Shafti ya grinda yetu ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Grinda za inchi nane nyingi zina shafti nene zaidi, na tundu la milimita 20 kwenye shafti ya nusu inchi ni balaa. Halafu kuna mwendo: kibati cha mota yetu kimeandikwa 2850 kwa dakika, na namba iliyoandikwa kwenye gurudumu lazima ipite hiyo, isiwe chini yake. Kijana wa jirani akaleta simu yenye fundi wa Kimarekani anayetaja 3450. Huyo naye hakukosea, umeme wa kwao ni wa hezi 60 na wetu ni wa 50, mota zao zinakimbia zaidi.

Mimi nilimuuliza kwa nini basi tusichukue kubwa kabisa, kazi iishe haraka. Akapiga hesabu nyuma ya kadi ya mwaliko. Ukingo wa gurudumu la milimita 150 kwa mzunguko ule unakwenda kama kilomita 80 kwa saa. La milimita 200, kwa mota ileile, linapita 105. Na mota yetu ni ndogo, ukiligandamiza gurudumu kubwa inalala. Kadi ile ilikuwa ya shangazi yake. Alipelekewa hivyohivyo, na hesabu nyuma.

Mzigo ukaagizwa kwa simu kutoka Gerezani, Dar es Salaam, ukapakiwa kwenye basi. Ulipofika ulikuwa na gurudumu la milimita 200, kwa sababu shemeji ndiye aliyepiga simu. Kikinga cha grinda hakikulikubali hata kidogo. Likarudishwa, likaja la 150, safi, jeupe, limeshonwa vizuri, na tundu la milimita 20. Muuzaji alisema tutie washa. Shemeji akazungushia shafti utepe wa fundi umeme mpaka tundu likajaa, akawasha. Ilichukua muda mfupi tu kabla meza haijaanza kutembea. Gurudumu lisipokaa katikati hasa linapiga upande mmoja, mtikisiko unarudi kwenye mota, mota inaupeleka kwenye meza, na meza yetu ikaelekea jikoni nilikokuwa nikikaanga vitunguu. Nilizima mimi kwa fimbo ya ufagio.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Fundi mwenye mashine ya kukereza, kule karibu na gereji, alikereza bushi ndogo ya alumini: nje inajaa tundu, ndani inakaa kwenye shafti bila kucheza. Zikawekwa washa mbili pana, moja kila upande, zinazolibana gurudumu kiunoni. Likazunguka limetulia.

Bado michirizi ya sinia. Kitambaa peke yake kisingeifuta hata tukisugua mpaka siku ya fungate. Hapo baba watoto akaagiza gurudumu la mkonge, gumu, la kukatia mikwaruzo kabla ya kitambaa. Lilipotolewa kwenye mfuko wake, limetengenezwa ng'ambo na kuandikwa maneno ya huko, mama mkwe alilichukua akalinusa. Amekulia kambi ya mkonge huko Muheza. "Huu si wetu huu?" akauliza. Labda si wetu, siku hizi mkonge unalimwa nchi nyingi. Lakini mmea wenyewe ulianza kwenye pwani hii mwaka 1893, alipouleta Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na katika shehena nzima miche 62 tu ndiyo iliyookoka. Mama alivuta uzi mmoja, akausokota pajani kama anavyofanya mtu aliyewahi kusokota kamba, akasema bei iliyotajwa ni wizi mtupu.

Jumamosi kazi ikaanza kwa utaratibu. Mkonge kwanza, na dawa ya kahawia, mpaka michirizi ikafa. Kisha kitambaa kilichoshonwa duara kwa duara, nacho kwa dawa ya kahawia. Mwisho kitambaa kilicholegea, chenye mshono mmoja tu karibu na tundu, kwa dawa nyekundu, ambayo ni unga laini wa kutu. Kila gurudumu na dawa yake, ukichanganya unairudishia shaba mikwaruzo laini palepale. Baba watoto alimvua shemeji glavu na kumfunga kikoi vizuri, maana kitambaa kikinaswa na gurudumu kinakwenda na mkono. Pua zikafunikwa.

Jambo ambalo hakuna aliyelisema ni kwamba kitambaa kipya hunyonyoka. Inatakiwa ukichane kwanza kikiwa kinazunguka, ukipitisha kitu chenye meno ukingoni, pamba mbovu itoke. Shemeji alikichana kwa uma wangu wa seti ya harusi, sawa, nimesamehe. Lakini alikichana upepo ukitoka baharini, na mimi nimeanika shuka za wageni na kanga mpya za doti za akina wifi. Manyoya meupe yakashuka kwanza. Yakafuatwa na vitone vya mafuta ya kahawia kutoka kwenye dawa. Wanawake wote wa nyumba ile walitoka na maneno yao, na nitayaacha uani yalikosemewa.

Halafu mrashi. Shingo yake ni nyembamba, mdomo umechanua. Gurudumu huzunguka likimshukia anayelitumia, kwa hiyo kitu hushikwa chini ya usawa wa shafti, na ukingo wake utazame kule gurudumu linakokimbilia. Ukinaswa, utatupwa chini, mbali na wewe. Shemeji aliushika juu, mdomo ukiwa umeielekea pamba. Ulimtoka mkononi, ukampita ubavuni, ukagonga kinu cha kutwangia, ukatua kwenye beseni la mchele ambao akina shangazi walikuwa wamemaliza kuuchambua. Shingo ilipinda. Fundi baiskeli alichonga kijiti cha mti, akakichomeka ndani ya shingo, akagonga taratibu kwa mpini wa nyundo hadi ikanyooka. Mama aliuchukua mrashi wake moja kwa moja jikoni, akaloweka ukwaju. Nami naona alikuwa na haki. Vitu vizito na bapa ni vya mashine, lakini mrashi una mashimo ya kutoa marashi membamba kuliko sindano, na dawa ya polishi ikishaingia humo haitoki.

Kikabaki chetezo. Hiki ndicho mama alichokuwa akikisifia kuliko vyote: alitumiwa na kaka yake kutoka Muscat, shaba tupu, hakuna mfano wake Barabara ya Kumi na Mbili yote. Fundi baiskeli, kwa nia njema kabisa, alitoa sumaku ya spika mbovu mfukoni akaisogeza. Shaba haivutwi na sumaku. Sumaku ikaruka kutoka vidoleni mwake, "tak!" ikajibandika tumboni mwa chetezo.

"Sumaku hiyo mbovu," akasema baba watoto haraka.

Fundi akaijaribu kwenye sinia, ikateleza. Akaijaribu kwenye dele, ikateleza. Akairudisha kwenye chetezo, ikang'ang'ania. Chuma kilichopakwa shaba juu juu. Tungekipitisha kwenye gurudumu ule umanjano wote ungeondoka na kijivu kikachomoza mchana kweupe. Mama mkwe alikipokea, akakifuta kwa ncha ya kanga, akasema marehemu kaka yake alidanganywa dukani, na aliyemdanganya Mungu anamjua.

Harusi ilikwenda. Masinia yalimulika mpaka mpiga picha akalalamika. Baada ya wiki majirani wakaanza kuleta vyao, mabirika, bawaba za milango, vinara, na baba watoto hajui kukataa mtu. Mama mkwe amejiwekea kigoda mlangoni mwa uani, sumaku ya spika iko mapajani. Kila chombo kinapita kwake kwanza, na jibu analitoa kwa sauti, watu wote wakisikia. Wapo walioondoka wamenuna, na shangazi wa Makorora hajarudi kuchukua birika lake.