Namna ya Kumsoma Mtu Hapa Kisenge Bila Kumwonea

Kwanza kabisa, usijidai kwamba wewe humhukumu mtu kwa kumwona tu. Umeshamhukumu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu sura za wasiowajua kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na uamuzi wao wa nani anaaminika haukutofautiana sana na wa walioachiwa kutazama watakavyo. Muda zaidi uliwaongezea ujasiri tu. Kwa hiyo kijana anayeshuka kwenye lori hapa Kisenge, mji wetu wa Katanga nchini Kongo, hajafuta hata vumbi usoni, na sisi tulioketi kivulini tumeshampa kazi, kabila na tabia. Mwongozo huu haukukatazi kuhukumu. Unakuomba tu uchelewe kuisoma hukumu yenyewe.

Anza na viatu, maana najua ndivyo utakavyoanza. Mwenye buti za matope utamwita mchimbaji, na ukishamwita mchimbaji utamwongezea ulevi na wizi bila hata kupumua. Mwenye shati lililopigwa pasi na simu mbili utamwita bosi. Sawa. Sasa funga mdomo, umsogelee yule wa matope: “Jambo papa, umetoka wapi? Umekula?” Huenda ni mwalimu aliyesukuma baiskeli tangu Kasaji kwenye mvua. Huenda ni mchimbaji kweli, na mshahara wa mwalimu wa wanawe unatoka kwenye shimo lake.

Kupimwa haraka tunakujua wenyewe. Kwenye soko la Musompo, Kolwezi, mnunuzi huelekeza Metorex, kile kidude cha mkononi cha kupimia madini, kwenye jiwe la kobalti, na asilimia inayotokea ndiyo inayoongoza bei. Wachimbaji wamelalamika miaka mingi kwamba inawapunja. Wana haki. Basi ewe uliyewahi kupunjwa, mbona mgeni akikupita mara moja tu unamsomea asilimia zake?

Lakini jicho si kitu. Chunga sikio, maana jina na lafudhi ndivyo vilivyotuumiza zaidi katika nchi hii. Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, waasi waliompinga rais Mobutu, walivuka kutoka Angola wakaiteka Kisenge. Jeshi la Mobutu liliporudi, mtu wa kabila la Walunda alishukiwa kwa kuwa Mlunda tu, na maelfu ya watu wakakimbilia Angola. Kisha mwaka 1992 na 1993 ikaja zamu ya Wakasai wa Katanga. Waliitwa bilulu, wadudu, wakafukuzwa majumbani, wakalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni ya kwenda Kasai, ambako wengi wao walikuwa hawajawahi kukanyaga. Wengi walikuwa wamezaliwa Katanga, wanasema Kiswahili chetu hiki hiki. Kwa hiyo ukisikia “Ilunga” au “Kalonji”, usikimbilie kuuliza baba yake ni wa wapi. Muulize anafanya kazi gani, na msikilize mpaka amalize.

Ukitumwa kumtambulisha mtu, tanguliza jema. Hilo silisemi kwa adabu tu. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwasomea watu sifa sita za mtu mmoja: waliosikia kwanza kwamba ana akili na bidii walimpenda kuliko waliosikia kwanza kwamba ana wivu na ukaidi, ingawa sifa ni zile zile, mpangilio tu umegeuzwa. Fikiria basi mama anayeanza kumtambulisha mkwe wake kwa kusema, “Ni yule wa familia ya wachawi.” Mtoto wa watu amekwisha kabla ya chai.

Na ikiwa wewe ndiye unayeajiri au kulinda geti, usiamue siku ya kwanza. Mwite tena, asubuhi, akiwa amelala na kuoga.

Ikiwa mgeni ni wewe, salimia wazee kabla ya kuuliza bei ya chochote. Halafu nenda kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, na jina lako ulitaje mwenyewe kabla hujatajiwa.