Usiku wa Jumamosi Ni Upi?

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa Magomeni kuna watu watano ambao, kwa maoni yao wenyewe, wangeliendesha tamasha lolote la muziki duniani vizuri kuliko walioliasisi. Wa kwanza ni fundi redio. Wa pili anauza vipuri vya pikipiki. Wa tatu ni dada aliyewahi kuimba kwaya na hajaacha kulitaja hilo. Wa nne hana kazi inayojulikana, ila ana maoni. Wa tano ni mwandishi wa makala haya, ambaye leo anajitaja kama mtu baki ili aibu impite pembeni.

Bango la tamasha likitoka tu, kikao kimeitishwa. Watu wa nje hudhani bango ni tangazo. Hawa watano wanajua kwamba bango ni daftari la heshima: jina la juu ni la yule anayejaza uwanja, kisha herufi zinapungua mstari kwa mstari mpaka chini kabisa, ambako majina yamebanana kama sisimizi kwenye sukari. Mabango ya Coachella, tamasha la jangwani California, ndiyo yaliyowafundisha watu wengi kusoma hivyo. Fundi redio huja na rula. Si mzaha, huja nayo kweli, na mwaka mmoja alithibitisha mbele ya kikao kwamba msanii anayempenda amepunjwa milimita mbili.

Ugomvi wa kwanza huwa ni nani kaitwa na kwa nini. Muuza vipuri anashikilia kwamba vitu visichanganywe: mtu wa taarab akae na taarab, wa kufokafoka akafokee kwao. Dada wa kwaya humjibu kwa kisa kilekile kila mara, na kila mara kinanoga. Mwaka 2008 Glastonbury, tamasha kongwe la shambani kule Uingereza, walimpa Jay-Z usiku mkubwa. Noel Gallagher wa Oasis akalalamika hadharani kwamba hip hop haikuwa na nafasi pale. Jibu kubwa la Jay-Z lilikuja usiku ule wenyewe. Alipanda jukwaani na gitaa shingoni, akauanza wimbo wa Oasis wenyewe, "Wonderwall", akiuimba kama mtu anayeoga, na uwanja mzima ukamwitikia. Miaka saba baadaye watu zaidi ya 100,000 walitia saini kupinga Kanye West kupewa usiku mkuu palepale. Akapewa, akaimba, na tamasha halikufa.

"Hao ni Wazungu," muuza vipuri husema, kana kwamba Jay-Z naye ni Mzungu.

Basi dada humrudisha nyumbani. Sauti za Busara, lililoanza Unguja mwaka 2004 na kufanya makao Ngome Kongwe, limekuwa likichanganya tangu siku ya kwanza. Bi Kidude, bingwa wa unyago na taarab, alipanda huko akiwa bibi kizee, katika jukwaa lilelile linalokaribisha vijana wa umri wa vitukuu vyake, na hakuna aliyesikia akiomba atengewe chumba. Waandaaji wanashika sharti moja lisilo na huruma: muziki upigwe papo hapo. Ukija na wimbo uliokwisha kurekodiwa ili ufumbue mdomo juu yake, rudi nao. Sharti hilo moja linajibu nusu ya maswali ya kijiweni ya "mbona fulani hayumo?" Fulani hana bendi.

Nusu nyingine inajibiwa na fedha, lakini hapo kikao huwa hakitaki kufika. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa sababu fedha hazikutosha. Mtu angedhani mwaka ule kijiwe kingenyamaza. Ndipo walipochacha: kwa kuwa hapakuwa na bango, wakatengeneza la kwao. Mtu wa nne, ambaye wiki ile alikuwa anakunywa kahawa kwa mkopo, alimwalika Salif Keita kutoka Mali pamoja na bendi kamili. Mwandishi akauliza nani atalipa nauli ya watu 12, viza, malazi na uzito wa ngoma kwenye ndege. Akaambiwa anavunja watu moyo.

Kisha mwaka mmoja waliamua kwenda kweli, wote watano, kwenye tamasha moja huko Unguja ambalo halitatajwa, kwa kuwa halikuwakosea lolote. Walikuwa wanafuata kitu kimoja: kundi la taarab ambalo dada alilisifu miezi mitatu mfululizo.

Walipanga kupanda boti la saa 6 mchana, siku ya Ijumaa. Saa 5 na nusu, mbele ya dirisha la tiketi, ilibainika kwamba fundi redio, mtu wa rula na milimita, amebeba kadi ya kliniki ya mkewe badala ya kitambulisho chake. Akarudi Magomeni kwa bodaboda. Wenzake wakakaa bandarini juu ya mabegi, na muuza vipuri akawaliwaza na habari za Kinshasa mwaka 1974. Tamasha la Zaire 74 lilipangwa liende sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30, lakini wanamuziki hawakuweza kusogezwa: James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley walikwishapangwa. Basi muziki ukapigwa siku tatu za Septemba, sherehe ya ngumi isiyo na ngumi.

"Unaona?" alisema. "Hata wakubwa huchelewa."

"Wao walichelewa kwa jeraha," dada alijibu. "Sisi tumechelewa kwa kliniki."

Walifika Unguja jua limezama, wakachukua chumba kwenye nyumba ya wageni, wakala urojo, wakafungua ratiba kwenye simu. Kundi lao liliandikwa hivi: Jumamosi, 00:30.

Hapa msomaji avute kiti. Mswahili anahesabu saa kuanzia kucha na kuanzia kuchwa, kwa hiyo 00:30 ni saa 6 na nusu usiku, na hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa wa siku. Fundi redio aliamua: Jumamosi ni kesho, usiku wa kesho ni kesho usiku, basi leo tulale. Dada hakuridhika. Alitoka nje akamkuta mzee ameketi barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, eti usiku wa Jumamosi ni upi?"

"Ndo huu."

"Lakini leo Ijumaa, babu."

"Ijumaa ishakwenda zake na magharibi. Jua likitua, ishaingia siku nyengine."

Walimshukuru kwa adabu na kumcheka wakiwa ndani. Muuza vipuri alisema mzee kachoka. Mwandishi naye alicheka, tena kwa sauti, na kwa hilo hana utetezi. Mtu wa nne alisema anatoka kidogo kutafuta sigara. Wengine wakalala kama watu wenye mpango.

Jumamosi, saa 6 usiku, walifika getini wamevaa wakapendeza, dada kajifunga kanga mpya. Kijana wa mlangoni alitazama simu ya fundi redio, akaitazama tena, kisha akauliza kwa upole kama walikuwa wagonjwa jana. Kundi lilikwishapiga, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa 6 na nusu barabara. Jukwaani sasa walikuwako vijana fulani wenye magitaa na hasira.

Kumbe hesabu ya kompyuta inayogeuza siku saa 6 usiku na hesabu ya mzee anayeigeuza magharibi zilikuwa zimekubaliana kabisa. Zote mbili ziliuita usiku ule wa Jumamosi. Waliopotea ni hawa wa katikati, wenye rula.

Njiani kurudi, botini, fundi redio alijaribu kuokoa heshima yake kwa Woodstock ya 1969. Alieleza kwamba Richie Havens hakupangiwa kufungua, ila wenzake walikwama kwenye foleni ya magari, akasukumwa jukwaani akapiga mpaka nyimbo zikamwishia, ikabidi atunge mmoja palepale. Na Jimi Hendrix, aliyetakiwa kufunga Jumapili usiku, mvua na ucheleweshaji vilimfikisha Jumatatu asubuhi, kiasi cha saa 3, wakati sehemu kubwa ya ule umati wa watu kama 400,000 ilikwishaondoka. "Fikirini," alisema, "watu laki kadhaa walimkosa Hendrix. Sisi ni wanne tu."

Dada aliinua kichwa. "Wanne? Tuko watano."

Kikanyamaza kikao. Wote wakamgeukia mtu wa nne, aliyekuwa anatazama bahari kwa makini yasiyo ya kawaida. Ikabidi aseme. Ijumaa ile, akitafuta sigara, alisikia fidla, akaifuata, akanunua tiketi kwa pesa ya akiba ya nauli yao, akakaa mstari wa pili mpaka mwisho. Hakuwaambia kwa sababu alirudi akawakuta wamelala, na Jumamosi hakuna aliyemuuliza.

Dada, kwa sauti ndogo, alitaka kujua lilikuwaje.

"Zuri," alisema. "Ila mimi ningewapanga mapema kidogo."